Kabla ya Pikseli, Iulize Shingo Yako

Watu wanaotaka ushauri wangu kuhusu hedseti ya VR, kile kifaa cha kuvaa machoni kinachokuingiza ndani ya gemu, huja na jedwali. Safu hii pikseli, safu ile Hz, yaani idadi ya picha kwa sekunde, pembeni jina la chipu. Mimi huwauliza swali moja kwanza: ukisoma simu ndani ya gari linalokwenda, unajisikiaje? Wengine hucheka. Wengine hukunja uso palepale, na hapo tayari tumepata habari ambayo hakuna jedwali lingetupa.

Nimecheza magemu ya uhalisia pepe, ndiyo hiyo VR, kwa miaka kadhaa sasa. Nilianza na hedseti ya kuazima iliyofungwa kwenye kompyuta kwa waya mnene, nikaja kumiliki zangu, na katikati nimevaa za marafiki, za shemeji, na za yeyote aliyekubali niilowanishe kwa jasho. Kilichonikaa kichwani baada ya muda wote huo ni kwamba hedseti ni vazi kabla hata ya kuwa chombo cha umeme. Skrini iwe nzuri namna gani, haitakufaa ikiwa baada ya robo saa paji linauma au tumbo linageuka. Simu mbovu utaivumilia mpaka upate nyingine. Hedseti isiyokukaa utaitia kabatini, na itasahaulika humo.

Lakini kuna jambo linalotangulia hata mwili, nalo ni gemu. Sisemi ladha tu, kwamba huyu anapenda bunduki na yule anapenda muziki. Magemu ya VR yamejengewa kuta, na ukinunua hedseti umenunua na upande wa ukuta. Kuna hedseti zinazojitegemea, zenye chipu, betri na hifadhi ndani yake: Quest 2 ya mwaka 2020, Quest 3 ya 2023 na Quest 3S ya 2024, zote za Meta, na Pico 4 ya kampuni nyingine. Kuna zinazotegemea kompyuta, kama Valve Index ya mwaka 2019, ambazo bila kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki ni pambo la mezani. Na kuna PlayStation VR2 (PSVR2), iliyotoka Februari 2023, ambayo kwao ni kwenye PS5, mashine ya magemu ya Sony.

Half-Life: Alyx, gemu la mwaka 2020 ambalo hadi leo watu hulitaja mwanzo wakiulizwa VR ina nini cha maana, linahitaji kompyuta. Batman: Arkham Shadow lilitengenezwa kwa ajili ya Quest 3 na 3S peke yake, mwenye Quest 2 hana chake pale. Gran Turismo 7 ukitaka kuliingia mwilini, likuzunguke pande zote, ni PS5 na PSVR2, basi. Mtu akishanitajia gemu analoliota, nusu ya hedseti zilizoko sokoni hujiondoa zenyewe, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Shemeji yangu, kwa mfano, ni mtu wa mbio za magari. Ana usukani, ana pedali, kiti amekiunda mwenyewe kwa mbao na vyuma, na PS5 alikuwa nayo tayari. Alipokuja kwangu na jedwali lake, nilimwambia, "Shemeji, wewe husimami wala huzunguki. Waya unakusumbua nini?" Hedseti isiyo na waya ni jambo zuri sana kwa anayerukaruka sebuleni, kwa mtu aliyejifunga kitini waya mmoja nyuma ya bega hauna habari. Alichukua PSVR2.

Asiyejua bado atapenda nini, na wengi wako hivyo, mara nyingi mimi humwelekeza kwenye hedseti inayojitegemea ambayo pia inaweza kuunganishwa na kompyuta. Familia ya Quest inafanya hivyo, kwa kebo au kwa Wi-Fi, kwa hiyo mlango wa pili unabaki wazi kwa siku ambayo kompyuta nzuri itapatikana. PSVR2 nayo ilipata adapta ya kompyuta Agosti 2024, lakini ukiitumia huko unaacha nyuma mambo ambayo ndiyo yaliyoifanya ijulikane: kufuatilia macho, mtetemo wa hedseti yenyewe, rangi za HDR, zenye mwanga na kiza kilichokolea zaidi. Na jambo ambalo limewashangaza wengi waliokuwa na PlayStation VR ya kwanza, ya mwaka 2016: magemu yake hayafunguki kwenye VR2 hivihivi. Mpaka mtengenezaji atoe toleo jipya.

Gemu likishajulikana ndipo ninapochukua rula. Sitanii. Umbali kati ya mboni mbili za macho hutofautiana mtu na mtu. Kwa watu wazima wengi uko kati ya milimita 54 na 74, wastani ukiwa 63 hivi. Lenzi za hedseti zinatakiwa zikae mbele ya mboni sawasawa. Zikienda kando, picha hufifia, macho hujikaza kuziunganisha picha mbili ziwe moja, na kichwa huanza kugonga bila mwenyewe kujua kisa. Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu za lenzi, milimita 58, 63 na 68, na aliye katikati ya hizo achague iliyo jirani. Quest 3 ina gurudumu dogo la kusogeza lenzi kidogo kidogo, ambalo Meta inasema linawafaa watu wa milimita 53 hadi 75.

Kujipima ni kazi ya dakika moja. Simama mbele ya kioo, weka rula chini ya nyusi, fumba jicho la kulia na uilenge sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Usisogeze kichwa. Fumba la kushoto, fumbua la kulia, usome namba iliyo juu ya mboni yake. Rudia mpaka namba itulie. Kama umewahi kutengenezewa miwani ya macho, namba hiyo ipo kwa aliyekupima, mwombe tu.

Dada yangu mdogo ana milimita 56. Kwa muda mrefu alikuwa akivaa hedseti ya rafiki yake, anacheza kidogo, anaivua, anasugua macho, anasema ni nzuri. Alidhani VR ndivyo ilivyo, ukungu kiasi na uchovu kiasi. Siku alipovaa yangu akazungusha gurudumu hadi mwisho upande wa kwake, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kaka, kumbe siku zote hizi wewe ulikuwa unaona hivi?" Pikseli hazikuwa zimeongezeka sana. Zilikuwa zimepata tu jicho.

Nikiwa bado kwenye macho: mimi navaa miwani kwa sababu sioni mbali. Kuna dhana kwamba kwa kuwa skrini ya hedseti iko sentimita chache kutoka kwenye jicho, sisi tusioona mbali tunaweza kuvua miwani na kucheza kwa raha. Haiko hivyo. Lenzi za hedseti huifanya picha ionekane iko mbele yako kwa umbali wa mita moja na kitu, au mbili, na jicho hulenga huko. Kwa hiyo miwani inabaki usoni, na hapo ndipo balaa lilipo: fremu pana haiingii, na ikiingia kioo cha miwani hukaribiana na lenzi ya hedseti, na vikigusana vikasuguana, mkwaruzo hautoki tena. Hedseti nyingi huja na kipande cha kuongeza nafasi, au zina namna ya kurudisha lenzi nyuma. Kitumie. Mimi baadaye niliagiza lenzi za kupachika zenye namba yangu ya macho, zinazokaa juu ya zile za hedseti kwa sumaku, na sikumbuki matumizi mengine yoyote ya fedha kwenye mambo haya yaliyonipa nafuu ya haraka namna ile. Nilipoteza kitu kimoja tu: wageni sasa hawawezi kuvaa hedseti yangu mpaka nizibandue.

Aina ya lenzi ndicho kitu pekee cha kitaalamu ambacho ningemwambia mtu akiweke juu ya idadi ya pikseli. Lenzi za zamani, za Fresnel, zina duara juu ya duara, na eneo lenye picha kali ni dogo, katikati. Ukitaka kusoma kitu pembeni unageuza kichwa, si macho. Maandishi meupe juu ya weusi hutoa michirizi ya mwanga. Quest 2, Quest 3S, Index na PSVR2 zote ni za Fresnel. Lenzi bapa zinazoitwa pancake, zilizomo kwenye Quest 3 na Pico 4, hukunja njia ya mwanga ndani yake, kwa hiyo hedseti yenyewe huwa nyembamba na picha hubaki kali karibu hadi kingo. Zinakula mwanga mwingi, hilo ni kweli, lakini ukishazoea kuzungusha macho kama mtu wa kawaida ni vigumu kurudi nyuma. Quest 3S ina chipu ileile ya Quest 3 na magemu yaleyale. Tofauti kubwa unayoiona iko hapa, kwenye kioo.

Sasa shingo. Quest 3 ina gramu 515, PSVR2 ina 560 bila kuhesabu waya, na Bigscreen Beyond ya kwanza, hedseti ya kompyuta ya mwaka 2023, ina 127. Ukiangalia namba hizi utadhani PSVR2 ndiyo inayochosha kuliko zote. Kwangu mimi haikuwa hivyo, na sababu ni mahali uzito unapokaa. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani utafika nayo nyumbani. Ndoo hiyohiyo ukiibeba kwa mkono ulionyooshwa mbele hupigi hatua kumi. Hedseti yenye mkanda laini wa kitambaa huning'inia mbele ya uso, na ili isishuke unaikaza, na ukiikaza inabana mashavu. PSVR2 hutua kwenye paji kwa pete ngumu inayozunguka kichwa, na mbele ya macho huachwa ielee. Kwa zile za mkanda laini, dawa ni mkanda mgumu wenye gurudumu nyuma, hasa wenye betri kisogoni. Unaongeza gramu na bado hedseti inahisi nyepesi, maana sasa nyuma na mbele vinavutana.

Betri hiyo ya kisogoni ina faida ya pili isiyohitaji maelezo: hedseti inayojitegemea humaliza chaji yake kwa saa mbili hivi.

Kuhusu Beyond, wepesi wake una masharti. Mto wake wa usoni hufinyangwa kutokana na picha ya uso wa mnunuzi iliyopigwa kwa simu, na lenzi hupangwa kwa macho yake yeye. Ni nguo iliyoshonwa kwa fundi, humwazimi mtu. Na haina kontrola wala kamera za kujitafutia mahali ilipo, inahitaji vituo vya leza vya kuweka ukutani na kompyuta yenye nguvu. Ni chombo cha mtu aliyekwisha kujijua.

Pua. Sijui wabunifu wa hedseti hutumia pua ya nani kupimia, ila si ya ukoo wetu. Kwa wengine pengo chini ya pua huingiza mwanga mpaka wanaona miguu yao wenyewe katikati ya anga za juu, kwa wengine mpira unabana hadi wanapumua kwa mdomo. Hakuna takwimu itakayokuambia wewe ni wa kundi gani. Vaa, inama, tazama chini. Wenye nywele nyingi au zilizofungwa juu nao wajaribu na mkanda mgumu na ule laini pia, kwa sababu ule mgumu hukataa kabisa kukaa juu ya fundo la nywele. Na sponji ya usoni ukiona haiwezi kuoshwa, tafuta kifuniko cha silikoni, hasa kama nyumba ina zaidi ya mchezaji mmoja. Nadhani sihitaji kueleza kwa nini.

Nirudi kwenye lile swali la gari, maana hapo ndipo wengi wanapoachana na VR kabla hawajaianza. Kichefuchefu cha VR kinatoka kwenye ugomvi kati ya macho na sikio la ndani. Macho yanasema tunakimbia; viungo vya usawa ndani ya sikio vinasema tumesimama sebuleni. Mwili hauna namna ya kuamua nani mkweli, na jibu lake ni jasho jembamba, mate kujaa mdomoni, halafu kile kinachofuata. Kinyume chake pia hutokea: unageuza kichwa na picha inachelewa kukufuata. Watengenezaji kwa miaka mingi wamelenga ucheleweshaji huo uwe chini ya milisekunde 20, na hedseti za sasa zinajitahidi, lakini kompyuta inayohema inaweza kuuharibu mpango wote. Kwa 90 Hz kila picha ina milisekunde 11 tu za kuchorwa. Ikikosa nafasi yake, dunia inaruka kidogo, na tumbo linalihesabu hilo hata kama jicho halikuliona.

Mimi ni wa lile kundi linalokunja uso kwenye swali la gari. Nilichofanya, na ndicho ninachowapa wengine, ni kuanza na magemu ambayo mwili hausogezwi na mtu mwingine. Beat Saber ndilo mlango mzuri kuliko yote niyajuayo: umesimama palepale, vipande vinakuja kwako, unavikata kwa mdundo, na kila hatua unayoiona umeipiga kwa miguu yako mwenyewe. Baada ya hapo magemu ya kusogea kwa kuruka, ambapo unaelekeza kontrola mahali na kujikuta umefika. Half-Life: Alyx linaruhusu hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Magemu ya kuendesha chombo, gari au ndege, yanavumilika kwa wengi kwa sababu kuna dashibodi isiyosogea mbele ya macho. Kwangu ndege ni sawa, magari kwenye kona kali ni mtihani. Mwisho kabisa ndipo huja kutembea kwa kijiti cha kontrola, ambako macho yanatembea na miguu imesimama.

Mipangilio ya gemu ina msaada zaidi kuliko watu wanavyodhani. Weka kugeuka ndani ya gemu kuwe kwa vipande badala ya kuteleza. Washa kile kiza kinachofunika pembeni unapotembea; kinaudhi kwa siku chache, kisha hukioni tena. Weka feni ikupulize kutoka upande mmoja: inapoza uso, inazuia lenzi kushika ukungu, na ngozi inajua daima mbele ya chumba ni wapi. Na jasho jembamba likianza, vua hapohapo. Usikaze roho. Mwili ukishakumbuka kwamba hedseti ile ni kichefuchefu, utaukuta unakataa hata harufu ya sponji yake, na kuurudisha ni kazi ndefu kuliko kuuzoesha.

Haya yote yanaingiaje kwenye kuchagua? Yanaingia hivi: mwenye tumbo jepesi na kompyuta ya wastani atapata raha zaidi kwenye hedseti inayojitegemea, yenye picha za kawaida lakini zisizokatika, kuliko kwenye hedseti ya kioo cha ajabu inayolishwa na kompyuta inayochechemea. Ukitaka ya kompyuta, hesabu kompyuta kwanza. Index inafika 144 Hz, lakini hizo 144 lazima zitoke mahali.

Wanaocheza magemu ya kompyuta kwa Wi-Fi wana mtihani wao. Inawezekana, na ikikaa vizuri utasahau kama kuna kompyuta. Kanuni niliyoiona ikifanya kazi ni kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, hedseti peke yake ndiyo iwe hewani, kwenye masafa ya 5 GHz au 6 GHz kama vyombo vyote viwili vinayaweza, na ruta iwe chumba kilekile unachochezea. Ruta ikiwa nyuma ya kuta mbili na familia nzima inatazama video, utaona ukungu wa visanduku kila unapogeuza kichwa, na utailaumu hedseti isiyo na kosa.

Chumba nacho kina neno. Meta inapendekeza nafasi ya mita 2 kwa 2 kwa magemu ya kutembeatembea, na ikiwa huna, magemu mengi yanachezeka umekaa au umesimama palepale. Hakikisha tu gemu lako ni la aina hiyo. Tazama juu pia. Taa ya dari imeshawahi kuonja ngumi yangu. Zulia dogo katikati ya chumba, ukicheza bila viatu, linakuambia kwa nyayo kwamba umeanza kusogea kuelekea kabati. Hedseti zenye kamera zake, ambazo sasa ni karibu zote, zinahitaji mwanga wa kutosha, na kioo kikubwa cha ukutani kinaweza kuzichanganya. Lakini mwanga usiwe wa jua moja kwa moja. Lenzi zilezile zinazokukuzia skrini hukusanya jua kwa kinyume na kuichoma skrini kwa muda mfupi sana. Usiiache dirishani, usiijaribu uwanjani mchana, hata kwa utani.

Kuhusu skrini yenyewe nitasema machache. OLED, kama ya PSVR2, inakupa usiku ulio usiku kweli, na kwa magemu ya kutisha na ya angani hilo ni nusu ya gemu. LCD, kama za Quest, weusi wake ni kijivu, ila ni angavu na safi. Quest 2 ina pikseli 1832 kwa 1920 kila jicho, PSVR2 ina 2000 kwa 2040, Quest 3 ina 2064 kwa 2208. Tofauti zipo. Baada ya siku chache utakuwa umezizoea zote.

Watoto. Sony haipendekezi PSVR2 kwa walio chini ya miaka 12, na Meta inaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mimi naongeza rula: mtoto ambaye mboni zake ziko karibu kuliko lenzi zinavyoweza kusogea asubiri, umri uwe wowote.

Limebaki la vitu vilivyotumika, kwa sababu ndiko wengi tunakoanzia. Hedseti kuukuu ina roho mbili, ya chuma na ya programu, na ya pili hufa kabla. Mfano ulio wazi ni HP Reverb G2 ya mwaka 2020, yenye pikseli 2160 kwa 2160 kila jicho, namba ambayo hata leo inatamanisha. Ilikuwa ikitegemea Windows Mixed Reality, na Microsoft iliuondoa mfumo huo kwenye Windows 11 toleo la 24H2 mwaka 2024. Chombo kizima, kioo safi, na kwenye kompyuta iliyosasishwa hakina tena pa kushika kwa programu ya Microsoft. Ukikuta hedseti ya pikseli nyingi kwa bei ya kuchekesha, hilo ndilo la kuuliza mwanzo: nani bado anaitengenezea programu?

Ukiridhika na hilo, ishike. Elekeza lenzi kwenye taa na uzizungushe polepole, mikwaruzo hujionyesha kwa pembe. Iwashe utazame eneo jeupe tupu: doa lisilotoka, la njano au jeusi, huenda ni jua lilishapita pale. Sukuma vijiti vya kontrola, uviachie, uone kama mkono wa kwenye skrini unaendelea kutambaa peke yake. Mwambie mwenyewe aondoe akaunti yake na kuifuta hedseti mbele yako, si kesho kwa simu. Halafu ivae, na uivae kwa muda: keti, simama, inama, tazama juu, soma maandishi madogo kwenye kona ya menyu bila kugeuza kichwa. Muuzaji ataanza kuangalia saa. Mwache aangalie. Akikwambia hakuna kuvaa mpaka ulipe, mshukuru uende kwingine.